R za Pius

Mkolani, Mwanza
12 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Barua hii nimempa Revocatus, konda wa basi la Sengerema. Nimemwambia aikabidhi kwako au kwa Pius katekista, si kwa mtu mwingine. Simu yangu iliibiwa stendi ya Nyegezi siku niliyofika, na nimesikia yenu Pius aliidondosha kwenye josho la ng'ombe. Basi tutaandikiana kama watu wa zamani, na Pius atakusomea kwa sababu ya macho yako.

Nimepata chumba hapa Mkolani, na sebule ndogo. Umeme upo, choo kiko ndani. Mwenye nyumba anaitwa Mama Paskazia, mjane, mkali lakini hana makelele. Wenye nyumba wa huku hawampangishi mtu asiye na kazi. Wanakuuliza kwanza unafanya kazi wapi, jina lako baadaye.

Kazi pia nimepata. Niko kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, upande wa stoo. Ndiyo kazi niliyosomea. Naondoka asubuhi, narudi jioni. Mshahara wa kuanzia si mkubwa, kwa hiyo msitegemee kitu kwa sasa.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Nathaniel Mhoja


Sengerema
25 Februari 2024

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Balua yako imefika. Pius ameisoma mara mbili, mara ya pili nje ya kanisa watu wakitoka, kwa sababu nilimwambia asome kwa sauti. Hari yetu ni nzuri. Tunakura na kurara salama.

Mtoto wa jirani alikaa Mwanza miaka minne akarudi na redio. Wewe muda mfupi tu una kazi na una nyumba yenye choo ndani. Hilo la choo ndani wazee hawakuliamini, Pius akalisoma tena.

Watu wananiuliza, huyu wa kiwandani atakaa peke yake mpaka lini? Nawajibu mwacheni, akiwa tayari atasema mwenyewe. Nasubiri neno lako. Ng'ombe ni kumi na wanne, wote wazima.

Baba yako,
Mhoja

Mimi mwandishi, Pius, nakusalimu. Andika herufi kubwa zaidi. Na taa yetu ni ndogo.


Mkolani
6 Aprili 2024

Nathaniel,

Nimepitisha karatasi hii chini ya mlango kwa sababu sitaki kuongea nawe mbele ya wapangaji.

Jana mchana bomba la chooni kwako lilipasuka, maji yakaja mpaka koridoni. Ulikuwa umeondoka na ufunguo. Nikapanda bodaboda mpaka kiwandani ulikoniambia. Mlinzi wa getini akauliza, "Nathaniel yupi, mama?" Nikamweleza sura yako, begi lako, shati lako la mistari. Akamwita mtu wa stoo. Huyo wa stoo akasema jina hilo hajawahi kulisikia, na stoo wako watatu tu, wote anawajua mpaka watoto wao. Nilisimama pale na maji ya nyumba yangu miguuni kama mwehu. Mlango wako nimeuvunja, fundi ameshaweka kitasa kipya. Ufunguo uko kwangu, njoo uuchukue.

Sina ugomvi na wewe. Hupigi muziki, huleti watu. Lakini uliniambia una kazi nami nikakupa chumba kwa neno hilo. Asiye na kazi siku ikifika ya kulipa huanza hadithi, na mimi hadithi nimeshazisikia zote. Mkataba wako unaisha mwisho wa Juni. Ukitaka kubaki, nataka miezi sita mkononi kabla ya hapo. Ukiwa huna, kuna watu wanasubiri.

Mama Paskazia


Mkolani
7 Aprili 2024

Mama Paskazia, shikamoo.

Ni kweli, sina kazi. Sijawahi kuwa nayo tangu nifike.

Wewe uliniuliza ninafanya kazi wapi kabla ya kunipa chumba. Maofisini wananiuliza ninakaa wapi kabla ya kupokea barua yangu, na wanataka karatasi ya mwenyekiti wa mtaa kwamba mimi ni mkazi wa hapa. Ilibidi mmoja nimdanganye. Nilikuchagua wewe kwa sababu wewe hukuomba karatasi.

Asubuhi naondoka na begi ili usinione nimekaa. Begi lina vyeti na chupa ya maji. Nazunguka maofisini mpaka saa sita, halafu nakaa kwenye mawe ya ziwani Nyegezi mpaka watu waanze kurudi kutoka kazini, narudi nao.

Nipe mpaka mwisho wa Juni. Nitamwandikia baba. Ila nakuomba jambo moja: Revocatus konda akileta barua na kukuuliza habari zangu, usimwambie. Kule nyumbani wanajua nina kazi.

Nathaniel


Mkolani
14 Aprili 2024

Baba, shikamoo.

Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri.

Kuna jambo nimelichelewesha kwa aibu. Hapa mjini kila kitu nimepata, kimebaki kimoja tu, nacho ni mahali. Mtu wa umri wangu akikosa mahali watu hawamheshimu, hata awe na kazi gani. Nikipata mahali nitatulia, na wewe utakuwa umetulia. Wenzangu wengi wamesaidiwa na wazazi wao kwa hili, kwa hiyo si mimi wa kwanza kuomba. Hata ukitoa ng'ombe wawili au watatu, mengine nitajazia mwenyewe taratibu.

Sitaki kueleza zaidi katika barua ambayo Pius anaisoma nje ya kanisa. Wewe ni mtu mzima, utanielewa.

Mwanao,
Nathaniel


Sengerema
5 Mei 2024

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Balua yako nimeielewa yote.

Pius aliposoma lile neno nilimsimamisha. Nikamwambia rudia. Akarudia, mahari. Nikatoka nje kidogo, nikarudi, nikamwambia endelea. Umesema kwa heshima, hukupayuka, na nimeona kwamba masomo hayajakuharibu.

Ng'ombe wawili au watatu hawapati mahari ya maana. Usiseme tena jambo hilo mbele za watu. Nilipanda kivuko nikaenda mpaka Kisesa kwa Mayala, rafiki yangu tuliyekuwa tunaonana mnadani. Tumezungumza siku mbili. Wenyewe wamekubali. Walitaka kumi na watano, nikasema hao sina, tukamalizana kwa kumi na wawili. Wamekwishavuka kwa lori. Mahari imekwisha, hakuna mtu anayekudai kitu.

Nimemwambia Mayala kwamba wewe una kazi kiwandani na una nyumba Mkolani yenye umeme na choo ndani. Amefurahi sana, na hilo ndilo lililopunguza wale watatu.

Njoo Kisesa Jumamosi tarehe 15 Juni. Mimi nitakuwepo. Utaona kwa macho yako, mtapeana mikono.

Baba yako,
Mhoja

Mimi Pius nakusalimu na kukupongeza. Mzee amebakiza ng'ombe wawili na hajanuna hata siku moja.


Mkolani
12 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yenu nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikutegemea. Nilikuomba msaada kidogo, wewe umetoa ng'ombe kumi na wawili ili niwe na mahali pangu kabisa. Najua ulivyowapata wale ng'ombe. Sitasahau.

Kisesa ni pazuri kwangu, magari ya kuja mjini ni mengi. Naomba unijibu haya kabla sijaja, ili nijiandae. Pako karibu na barabara au ndani? Maji yapo? Kuna mtu aliyekaa hapo kabla yangu, na kama yupo ameshaondoka? Hati itaandikwa jina la nani? Na je, nikishaona naweza kuhamia siku hiyohiyo? Niko tayari kuja na godoro langu.

Mwambie Pius r zake zimenichekesha. Ameandika mahari kila palipotakiwa mahali. Ni mahali, kwa l. Kwa r ni kitu kingine kabisa, na ipo siku atamtia mtu matatani. Mtu anayesomea watu barua na Injili inafaa ajifunze herufi mbili.

Mwanao mwenye shukrani,
Nathaniel


Sengerema
26 Mei 2024

Mwanangu Nathaniel,

Marahaba. Tunakura na kurara salama.

Maswali yako yamenishangaza, lakini wewe ni mtu wa stoo, umezoea kukagua mizigo. Nitayajibu.

Kwa Mayala ni karibu na barabara, ukishuka unauliza tu. Maji si tatizo, kisima kiko nyuma. Uliuliza kama kuna aliyetangulia kabla yako. Hapo nilikasirika, halafu nikacheka, kwa sababu na mimi enzi zangu niliuliza, ila nilimtuma shangazi. Hakuna. Wenyewe wameapa. Usiliulize hilo ukifika kule. Hati mtaweka sahihi siku yake, mbele ya mashahidi, majina yote mawili.

Kuhamia siku hiyohiyo si desturi. Tarehe 15 ni kuonana na kula. Lakini nyie vijana mna haraka, godoro ukija nalo hatutakufukuza.

Baba yako,
Mhoja

Mimi Pius. Yale maneno yako ya mwisho kuhusu herufi zangu sikumsomea mzee. Ana furaha, na mimi niliona ni dharau. Nimefundisha katekisimu tangu wewe hujazaliwa na hakuna mtu aliyekosa mbingu kwa sababu ya herufi. Yaishie hapo.


Mkolani
1 Juni 2024

Mama Paskazia, shikamoo.

Nakujulisha kwamba nitaondoka Jumamosi tarehe 15, wiki mbili kabla ya mkataba kwisha. Baba yangu amenipatia mahali pangu Kisesa, kwa kudumu. Sitakuwa mpangaji tena. Mwenyekiti wa mtaa wako asipate taabu ya kuniandikia karatasi, nitaipata kule kule kwa jina langu mwenyewe.

Ufunguo nitakuachia kwenye dirisha la jikoni. Sasa unaweza kutafuta mpangaji mwenye kazi. Ukimpata, usimwendee kiwandani.

Nathaniel Mhoja


Kisesa
29 Juni 2024

Ndugu Nathaniel,

Barua hii nampa Revocatus kwa sababu Mama Paskazia anasema ni yeye peke yake anayejua unalala wapi.

Ndiyo, nimefika kwa Mama Paskazia. Jana. Wiki mbili zimepita tangu ukae kwetu, ukala, ukamwambia baba yangu kwamba utakuja kunichukua chumba kikishapakwa rangi. Nikamwambia shangazi twende tukaone hiyo rangi.

Nianze na siku ile. Wewe hukuniangalia, mimi nilikuangalia tangu uliposhuka. Ulikuja na bajaji ya mizigo. Ulikuwa na godoro, jiko la gesi, ndoo mbili na ufagio. Wanawake wakapiga vigelegele. Shangazi akasema, "Huyu hana subira, amekuja na godoro lake!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wewe ukatabasamu kama mtu asiyejua lugha. Ukamuuliza baba yangu, "Nyumba yenyewe ni ipi, mzee?" Baba akadhani ni utani. Akakushika bega akakugeuza upande wangu, akasema, "Nyumba yako ndiyo hii hapa." Wakacheka tena. Mimi sikucheka, kwa sababu niliuona uso wako. Nimeshamwona mtu aliyepigiwa simu ya msiba akiwa sokoni. Ulikuwa hivyohivyo.

Nilifikiri umeniona mbaya. Wiki mbili nimejitazama kwenye kioo kwa sababu yako. Sasa nimejua kwamba hata kuniona hukuniona. Ulikuwa unatafuta mlango.

Mama Paskazia ametueleza yote, la kiwanda na la Kisesa. Amenionyesha ile barua yako ya kuaga, kwamba umepatiwa mahali. Nikamwambia shangazi aisome kwa sauti. Shangazi akasoma, "mahari". Hapo nikaelewa, nikakaa chini kwenye ngazi za watu.

Sasa nisikilize. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hapa barabarani, chini ya bati la mtu. Cherehani yangu ni ya umeme na kwa baba hakuna umeme, kwa hiyo kila jioni naibeba kichwani kwenda kuilaza kwa jirani. Wameshakuja wanaume wawili kabla yako, wazuri kuliko wewe, nikakataa kwa sababu wote walitaka kunipeleka kwa mama zao. Baba yako alipokuja akasema mwanangu ana chumba Mkolani, umeme upo, nilisema ndiyo nikiwa jikoni, hata jina lako sijalisikia vizuri. Nilikubali chumba. Wewe ulikuwa umekuja nacho.

Kwa hiyo usidhani umedanganya baba yako na mama mwenye nyumba tu.

Jambo moja ulisema kweli bila kujua. Chumba kilikuwa kinapakwa rangi.

Evelina Mayala


Kirumba, Mwanza
4 Julai 2024

Evelina,

Nimepata barua yako. Sina la kubisha.

Unataka kujua kwa nini sikusema siku ile. Baba yangu alikuwa amevaa koti alilovaa kwenye msiba wa mama, na hakuwa amelivaa tena tangu wakati huo. Alinishika mkono akanipeleka kwa mtu mmoja mmoja, akisema, "Huyu ndiye wa kiwandani." Macho yake hayaoni vizuri, hakuuona uso wangu. Nilihesabu kwamba nikisema, watacheka kwanza, halafu wataacha kucheka. Kisha baba yako akauliza lini, nikataja rangi.

Barua ile niliandika kwa kuficha. Kama ningemwandikia baba kwamba sina kazi na natolewa kwenye chumba, asingekosea neno. Pius akisoma kwa r au kwa l maana ingekuwa ileile, njaa. Lakini alijua nina kazi na nina nyumba. Mtu mwenye vyote hivyo akiomba ng'ombe anaomba nini kingine?

Sasa niko hapa Kirumba, mwaloni, kwenye soko la dagaa. Kuna mfanyabiashara wa dagaa amenipa kazi ya kulinda na kupakia magunia. Kazi nimepata, unaona. Nalala juu ya magunia hayohayo kwa sababu pesa ya pango sina. Hakuniuliza ninakaa wapi. Alifurahi aliposikia sina pa kwenda, maana mlinzi asiye na kwake haondoki.

Nitamwandikia baba ukweli. Ng'ombe warudi Sengerema, na wewe uwe huru.

Nathaniel


Mkolani
11 Agosti 2024

Nathaniel,

Usimwandikie baba yako kitu. Ng'ombe hawapo. Baba aliwapeleka Magu wiki ileile kwa ajili ya kaka yangu, naye ameshaoa. Mke wake ana mimba. Ukidai ng'ombe, unaanza na kumtoa mwanamke yule ndani ya nyumba yake, halafu baba yangu anaitwa mbele ya wazee, halafu mimi narudi kwake nikiwa yule aliyerudishwa. Wewe ndiye ungebaki huru. Huo uhuru siugharamii.

Umeona nilipoandikia. Nimekichukua kile chumba. Mama Paskazia aliniuliza ninafanya kazi wapi. Nikaiteremsha cherehani nikaiweka juu ya meza yake. Akauliza mume yuko wapi, nikasema yuko safarini kikazi. Akanitazama sana, lakini akatoa mkataba. Shule mbili za hapa zimenipa sare zao. Nyumbani kwetu wanajua niko kwako. Baba yako naye nilimwandikia kwa Revocatus kwamba nimehamia Mkolani na kwamba hatujambo. Sikuandika uongo hata mmoja, nimejifunza kutoka kwenye barua zako jinsi inavyofanyika.

Godoro lako uliloliacha Kisesa liko hapa, nalilalia, kwa sababu langu nilimwachia mdogo wangu. Jiko nalo nalitumia. Ukipata mahali pa kuviweka nitakurudishia. Usije kabla hujapata. Wapangaji wa hapa wana macho, na mtu aliye safarini hapigi hodi na begi tupu.

Barua ya baba yako ililetwa hapa. Nimeifungua kwa sababu imeandikwa majina yetu yote mawili. Nimeiweka humu ndani. Mjibu wewe.

Evelina


Sengerema
4 Agosti 2024

Wanangu Nathaniel na Evelina,

Balua ya Evelina imefika, na Pius ameisoma mpaka karatasi imechanika. Nimesikia kwamba Evelina amehamia Mkolani, cherehani inafanya kazi, na umeme haukatiki. Hari yetu ni nzuri. Tunakura na kurara salama. Wale ng'ombe wawili wanatosha kwa maziwa yangu.

Nathaniel, nataka nikuambie jambo ambalo sikukuambia Kisesa kwa sababu watu walikuwa wengi. Ulipoondoka hapa na begi lile niliogopa. Nilisema huyu atazunguka mjini mpaka atakuwa mzee, hana kwake, hana mtu. Sasa siogopi. Mwaka ulipoanza ulikuwa huna kitu. Sasa mwanangu una mahari na una mahari. Mtu akiwa na hivyo viwili, kufa kwangu hakuna shida.

Mwezi wa tisa nitavuka nije kuwatembelea. Nitakaa siku mbili. Nataka nikalishike bomba la kile choo cha ndani kwa mkono wangu.

Baba yenu,
Mhoja

Mimi Pius nakusalimu. Nimeandika lile neno mara mbili kwa sababu mzee amelitamka mara mbili. Si kosa la mwandishi.


Mkolani, Mwanza
18 Agosti 2024

Baba, shikamoo.

Barua yenu imenifikia. Evelina ni mzima, anakusalimu. Hapa tunakula na kulala salama.

Kuhusu kuja mwezi wa tisa, nakuomba usubiri kidogo. Kiwandani wananihamisha zamu, nitakuwa nalala hukohuko, utafika usinikute. Nitakuandikia siku ikiwa nzuri.

Mwambie Pius anisamehe kwa yale niliyoandika juu ya herufi zake. Asibadilishe kitu. Nimeisoma barua ile mara nyingi na sijaona pa kusahihisha. Ni kweli, baba, nina mahari.

Mwanao,
Nathaniel